KIWANJA KITUPU KINA MWENYEWE, NA MWENYEWE ANA DHIMA

Na Mwandishi Wetu, Juba

ASKARI akipata kiwanja hapa Juba, jambo la kwanza analofanya ni kukita vigingi vinne kwenye pembe, na la pili ni kusimamisha kibao cha kuwaarifu wapita njia kwamba ardhi hii ina mwenyewe na haiuzwi. Baada ya hapo huja amri ya uhamisho. Mwenye kiwanja huenda Wau, Bentiu au Malakal, na kiwanja hubaki na vigingi vyake na kibao chake. Nyumba itajengwa siku fedha zitakapopatikana. Mvua za Aprili huanza, nyasi hupanda hadi kifuani, mbuzi wa jirani hupata malisho, na watoto wa mtaa hupata uwanja wa kuchezea.

Tumeandika makala haya kwa sababu ya swali tuliloulizwa ofisini na sajini mmoja mwenye kiwanja cha namna hiyo upande wa Gudele. Tulikuwa tukizungumza habari za bima, naye akacheka.

"Afande," alituambia, "gari nimelikatia bima kwa sababu askari wa usalama barabarani ananisimamisha. Lakini kiwanja changu hakina nyumba, hakina mtu, hakina hata mti. Kitamgonga nani?"

Tulimwuliza kama kina shimo.

"Lipo moja, afande. Waliofyatua matofali waliliacha. Mvua ikinyesha linajaa maji."

"Na watoto wanacheza hapo?"

Sajini aliacha kucheka. Alisema kwamba watoto wapo siku zote, na kwamba yeye mwenyewe hajafika hapo tangu mwaka jana.

Mazungumzo hayo yalitufanya tuone kwamba wako maofisa na askari wengi, wa jeshi na wa polisi, ambao wamo katika hali ya sajini huyo bila kujua. Wameweka akiba ya miaka mingi katika kipande cha ardhi, na wanadhani kwamba hatari pekee inayokikabili ni kuporwa. Iko hatari nyingine, nayo ni kwamba mtu aumie au afe ndani ya kiwanja hicho, na mwenyewe adaiwe fidia asiyoweza kuilipa hata akiuza kiwanja chenyewe.

BIMA YA DHIMA NI NINI

Bima ziko za namna nyingi. Iko bima ya mali, ambayo humlipa mwenye nyumba nyumba yake inapoungua. Iko bima ya maisha, ambayo huwalipa warithi. Bima ya dhima hailipi mali ya mwenye bima wala haiwalipi warithi wake. Kazi yake ni kumlipa mtu mwingine aliyepata madhara, pale ambapo sheria inasema kwamba mwenye bima ndiye anayestahili kuwajibika. Aidha, kwa kawaida hulipa gharama za wakili wa kumtetea mwenye bima mahakamani, hata kama mwishowe inaonekana hakuwa na kosa.

Kila dereva anaifahamu bima hii kwa sura nyingine. Ile bima ya gari ya kumlinda mtu wa tatu, ambayo nchi za Afrika ya Mashariki zimeilazimisha kwa sheria, ni bima ya dhima. Haikutengenezei gari lako. Humlipa yule uliyemgonga. Tofauti ni kwamba gari husimamishwa njiani na kukaguliwa, lakini kiwanja hakuna anayekisimamisha. Ndiyo maana wenye viwanja husahau.

SHERIA ILIVYOBADILIKA

Wengi watasema: "Mtoto aliingia bila ruhusa. Mimi nina kosa gani?" Hoja hiyo ilikuwa na nguvu zamani. Mwaka 1929 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza iliamua kesi ya mtoto wa miaka minne aliyeuawa na mtambo katika mgodi wa makaa ya mawe huko Scotland. Ilisemekana kwamba watoto walikuwa wakicheza hapo mara kwa mara na kwamba ua ulikuwa mbovu. Hata hivyo majaji waliona kwamba mtoto aliingia bila ruhusa, na kwa hiyo wenye mgodi hawakuwa na wajibu kwake ila wasimdhuru kwa makusudi.

Kanuni hiyo ilidumu zaidi ya miaka 40. Mwaka 1972 mahakama hiyo hiyo ililetewa kesi ya mvulana wa miaka 6 aliyepita mahali ambapo uzio wa reli ulikuwa umevunjika, akaungua vibaya kwenye reli yenye umeme. Wahusika wa reli walikuwa wamearifiwa kwamba watoto huonekana relini, wala hawakurekebisha uzio. Safari hii majaji walisema kwamba ubinadamu unamtaka mwenye ardhi achukue hatua pale anapojua kwamba pana hatari na kwamba watoto huifikia. Shirika la reli likaonekana lina dhima. Mwaka 1984 Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya kuuthibitisha wajibu huo kwa watu wanaoingia bila ruhusa. Jirani zetu wa Kenya nao wanayo Sheria ya Dhima ya Wakaliaji, Sura ya 34, inayomtaka mkaliaji wa mahali atazamie kwamba watoto hawatakuwa na uangalifu kama watu wazima.

Tumezitaja kesi hizo kwa sababu mahakama za Sudan Kusini zinafuata mkondo huo wa sheria ya mapokeo ya Kiingereza, na hoja za majaji wa nchi nyingine za mkondo huo zinaweza kuletwa mbele ya hakimu hapa Juba.

Juu ya hayo, sisi tunayo sheria nyingine iliyo na nguvu zaidi mioyoni mwa watu, nayo ni mila. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 2009 inazitambua mahakama za mila, na Kanuni ya Adhabu ya mwaka 2008 inakubali jamaa wa marehemu waombe fidia ya damu katika kesi ya mauaji. Katika jamii zetu nyingi kifo hudaiwa fidia hata kama hakikukusudiwa. Fidia hiyo huhesabiwa kwa ng'ombe, na mzigo wake haumwangukii mtu mmoja peke yake, bali humwangukia baba yake, ndugu zake na ukoo wake. Kwa hiyo shimo moja la matofali katika kiwanja cha Gudele linaweza kumaliza zizi la mzee aliye mbali kijijini, ambaye hata kiwanja chenyewe hajakiona.

SOMO LA ARCHERS POST

Wenzetu wa jeshi wasidhani kwamba mambo haya ni ya raia tu. Kwa miaka mingi Jeshi la Uingereza limekuwa likifanya mazoezi nchini Kenya, katika maeneo ya Archers Post huko Samburu na Dol Dol huko Laikipia. Mazoezi yanapokwisha, maeneo hayo huwa ardhi tupu. Wafugaji wa Kisamburu na Kimasai walipitisha mifugo yao humo kama walivyofanya babu zao. Katika nyasi walikuta vitu vya chuma visivyolipuka. Baadhi ya watoto waliviokota wakidhani ni vya kuchezea. Watu waliuawa, wengine wakakatika mikono na miguu, wengine wakapofuka.

Madai yalipelekwa kwa Serikali ya Uingereza na mawakili wa London. Maeneo hayo yalikuwa yametumiwa na majeshi mengine pia, na ungeweza kuulizwa swali la nani aliacha chuma gani. Lakini mwezi wa Julai mwaka 2002 Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 4 na nusu kwa watu zaidi ya 200, walioumia pamoja na jamaa za waliokufa.

Msomaji azingatie mambo mawili. Kwanza, hoja ya kwamba wachungaji waliingia wenyewe katika uwanja wa shabaha haikuizuia fidia. Pili, Serikali ya Uingereza kwa desturi haikati bima ya mambo kama hayo. Hulipa kutoka hazina yake. Sajini wa Gudele hana hazina. Kwa mtu asiye na hazina, bima ndiyo mahali pake.

MABAKI YA VITA KATIKA ARDHI YETU

Juba yenyewe ina habari yake. Wakati wa vita vya 1983 hadi 2005 mji huu ulikuwa ngome ya jeshi la Sudan, na pande zake nyingi zilizungushiwa mabomu ya kutegwa ardhini. Mwezi wa Februari mwaka 2005, wiki chache baada ya Mkataba wa Amani kutiwa sahihi, ghala la silaha lililipuka mjini, likaua watu na kutawanya makombora katika makazi. Mapigano ya Desemba 2013 na Julai 2016 yaliongeza mabaki mengine. Sudan Kusini ilijiunga na Mkataba wa Kupiga Marufuku Mabomu ya Kutegwa Ardhini mwaka 2011, na kazi ya kusafisha ardhi imefanywa kwa miaka mingi chini ya Mamlaka ya Taifa na kwa msaada wa Umoja wa Mataifa. Hata hivyo mji umepanuka kuelekea mahali palipokuwa mahandaki na vituo vya ulinzi.

Hapa bima ina mpaka wake, na hatuna budi kuueleza wazi. Mikataba mingi ya bima huondoa madhara ya vita na ya silaha za vita. Mwenye kiwanja kilichokuwa handaki asijidanganye kwamba karatasi ya bima itamlinda kombora likilipuka. Dawa ni moja: ukiona chuma usichokifahamu, usikiguse, rudi kwa njia ile ile uliyojia, weka alama kwa mbali, zuia watu, na utoe taarifa polisi au kwa wataalamu wa mabomu. Wala askari asijitie utaalamu kwa kuwa amewahi kushika bunduki.

ANAYEKALIA NDIYE ANAYEJIBU

Liko jambo jingine ambalo wengine hawatapenda kulisikia, lakini maadamu tunaandika kwa ajili ya askari wenzetu, hatutalificha. Baada ya amani ya mwaka 2005, watu waliorudi Juba kutoka ukimbizini walikuta viwanja vyao vimekaliwa. Malalamiko ya namna hiyo yalizidi baada ya 2013, na miongoni mwa waliolalamikiwa walikuwamo watu wenye sare. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2009 imeweka wazi kwamba ardhi ni mali ya watu wa Sudan Kusini, na kwamba iko ardhi ya umma, ardhi ya jamii na ardhi ya mtu binafsi. Sare si hati ya kiwanja katika aina yoyote kati ya hizo.

Kwa habari ya dhima, anayekalia ardhi ya mwenzake yuko katika hali mbaya kuliko mwenyewe. Sheria ya dhima tuliyoieleza haiulizi kwanza hati iko kwa nani. Huuliza nani alikuwa na mamlaka ya mahali pale siku ya ajali. Aliyezungushia kiwanja cha mwenzake ua na kuchimba choo humo amejitwika dhima yote. Na akienda kuomba bima ataulizwa karatasi, naye hana. Basi atabaki na dhima bila kinga, juu ya ardhi isiyo yake.

JINSI YA KUIPATA BIMA

Juba zimo kampuni za bima, na mojawapo, yenye asili ya Kenya, ndiyo iliyojenga lile jengo refu la Equatoria Tower. Biashara wanayoizoea zaidi ni magari, moto, matibabu na mizigo. Anayekwenda kuomba bima ya dhima kwa kiwanja kitupu huenda akatazamwa kwa mshangao. Asikate tamaa. Aulize kwa jina lake: bima ya dhima kwa umma. Mwenye nyumba au duka tayari aulize kama kiwanja kinaweza kuongezwa katika mkataba alio nao, kwani mara nyingi njia hiyo ni rahisi kuliko mkataba mpya. Askari wenye viwanja katika mtaa mmoja wanaweza pia kwenda pamoja, maana kampuni husikiliza zaidi kundi kuliko mtu mmoja.

Kampuni itataka kujua mambo haya: hati au mkataba wa kiwanja, ukubwa na mahali kilipo, kama pana shimo, kisima, mfereji, ukuta mbovu au gari chakavu, kama kimezungushiwa ua, nani hupita au kulima humo, na kama pamewahi kutokea ajali. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Chukua picha za kiwanja kila upande, ziweke pamoja na hati, na uachie nakala kwa mtu unayemwamini.

Katika kujibu maswali hayo, useme kweli yote. Mkataba wa bima umejengwa juu ya uaminifu. Ukificha shimo, kampuni ina haki ya kukataa kulipa siku mtoto atakapotumbukia, na ada yote uliyolipa itakuwa imekwenda bure.

Kabla ya kutia sahihi, soma vipengele vitano. Cha kwanza ni kikomo, yaani kiasi cha juu ambacho kampuni italipa. Ukiangalie pamoja na fedha yenyewe. Desemba 2015 pauni yetu ilipoachiwa ifuate soko, dola moja iliruka kutoka pauni 3 hivi hadi zaidi ya 18 kwa siku moja, na tangu hapo imeendelea kupanda. Kikomo kilichoonekana kikubwa mwaka mmoja kinaweza kisitoshe kulipa kitanda cha hospitali mwaka unaofuata. Cha pili ni kiasi ambacho wewe mwenyewe utalipa kwanza. Cha tatu ni yale yaliyoondolewa, kama vile vita, madhara uliyoyakusudia, na ajali za vibarua wako, ambao huhitaji bima yao. Cha nne ni matumizi: mkataba wa kiwanja kitupu hukoma kukulinda ukianza kujenga bila kuiarifu kampuni. Cha tano ni muda wa kutoa taarifa ya ajali, ambao kwa kawaida ni mfupi.

Ajali ikitokea, mpeleke majeruhi hospitali kwanza, kwa sababu ubinadamu hausubiri karatasi. Kisha arifu polisi, kisha kampuni. Katika kikao cha wazee hudhuria kwa heshima, utoe pole, lakini usiahidi idadi ya ng'ombe kabla kampuni haijaambiwa. Bima hulipa dhima inayotambuliwa na sheria. Makubaliano yaliyofanywa bila kampuni kujua inaweza kuyakataa, nawe ukabaki na ahadi shingoni.

KAZI YA POLISI

Wenzetu wa polisi wana sehemu kubwa katika shughuli hii. Kampuni ya bima na hakimu wote hutegemea taarifa ya askari wa kwanza kufika. Taarifa inayosema tu kwamba "mtoto alianguka shimoni" haimsaidii mtu. Pima kina na upana wa shimo. Andika kama palikuwa na ua, kibao, au njia iliyozoeleka kupita watu. Uliza majirani nani huja kukiangalia kiwanja, na mara ya mwisho alionekana lini. Andika majina ya mashahidi. Nusu saa ya kazi hiyo inaweza kuepusha ugomvi wa miaka mingi kati ya koo mbili.

UZIO USIOANGALIWA SI UZIO

Tulipokuwa katika chuo cha makada tulifundishwa kwamba kizuizi kisichoangaliwa na kulindwa si kizuizi, kwa kuwa adui atakipitia kwa wakati wake. Lile shirika la reli la Uingereza lilikuwa na uzio, lakini halikuuangalia. Vivyo hivyo bima haiwezi kuwa badala ya koleo. Fukia shimo. Funika kisima kwa kifuniko ambacho mtoto hawezi kukiinua. Fyeka nyasi kabla ya mvua kubwa. Bomoa ukuta uliopasuka. Mpe jirani fungu dogo la fedha akiangalie kiwanja na kukupigia simu, na mwandike jina lake katika karatasi zako. Gharama ya mambo hayo ni ndogo, na kampuni ikiyaona, ada ya bima inaweza kupungua.

Yule sajini alirudi kazini kwake mbali na Juba, lakini kabla ya kuondoka aliomba ruhusa ya siku mbili. Alitueleza baadaye kwamba alikodi lori mbili za kifusi na vijana wanne, wakafukia lile shimo na kulishindilia. Bima hakuwa amepata bado. Kampuni aliyokwenda ilimtaka alete kwanza hati iliyokamilika, naye alikuwa akiifuatilia. Tulimwambia kwamba ameanza mahali panapostahili.

Basi, ndugu maofisa na askari, kila mwenye kiwanja kitupu ajiulize maswali matatu kabla mvua hazijaanza: Kuna nini ndani ya ardhi yangu? Nani huingia humo nisipokuwapo? Akiumia, atalipwa na nani? Asiye na jibu la swali la tatu aombe ruhusa kwa mkuu wake, kama alivyofanya sajini, akaitazame ardhi yake kwa macho yake mwenyewe. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mtoto aliyezama hakuna bima inayomrudisha.